Tusikiuze Kivuli Chetu

Mwezi wa Septemba ni mwezi mgumu katika Mkoa wa Simiyu. Pamba imekwisha kuuzwa, mashamba yamebaki matupu, vumbi linafuata kila gari na kila kundi la ng'ombe, na jua la saa nane mchana halina huruma. Katika mwezi huo, mtu anayetembea kwa miguu kutoka kijiji kimoja hadi kingine, iwe ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega, hutambua kwa ngozi yake kabla ya kutambua kwa macho kwamba ameingia katika ngitili. Joto hupungua. Upepo uliokuwa ukimpiga usoni huanza kupita juu ya vilele vya migunga. Tetere wanasikika. Mtu huyo hupunguza mwendo bila ya kuambiwa, na akikuta gogo au jiwe kivulini, hukaa.

Tunapenda leo kuzungumza juu ya kule kukaa. Wako watakaosema kuwa gazeti lina mambo mazito zaidi ya kushughulikia: bei ya pamba, maji, barabara, tembo wanaoingia mashambani. Mambo hayo tumeyaandika na tutaendelea kuyaandika. Lakini tunaamini kwa dhati kwamba utulivu anaoupata binadamu akiwa chini ya miti, mbali na kelele na madeni na ugomvi, ni haja ya maisha kama zilivyo haja nyingine, na kwamba katika mkoa wetu haja hiyo imo hatarini kwa sababu hatuihesabu. Kisichohesabiwa ni rahisi kuuzwa.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Ngitili ni desturi ya Wasukuma tangu zama za mababu. Mvua zinapoanza, mwishoni mwa mwaka, sehemu ya ardhi hufungwa, ng'ombe wasiingie, nyasi na miti ikue. Kiangazi kinapokuwa kikali, wakati malisho ya mbugani yamekwisha, sehemu ile hufunguliwa kwa utaratibu, kipande baada ya kipande, ili ndama na wakamuliwa na maksai wa kulimia wasife njaa. Kila kaya iliyoweza ilikuwa na ngitili yake, na jamii nayo ilikuwa na ya kwake. Aliyevunja mwiko wa ngitili aliitwa mbele ya wazee katika dagashida, akatozwa faini.

Kisha yakaja mambo mengi kwa pamoja. Katika enzi ya ukoloni, serikali iliamua kupambana na mbung'o kwa kufyeka mapori, na maelfu ya ekari za Usukuma zikabaki wazi. Pamba ikapanuka, na pamba haipendi kivuli. Watu wakaongezeka, mifugo ikaongezeka. Halafu, katikati ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, familia nyingi ziliacha maboma yao ya zamani na ngitili zao zikabaki bila mwenyewe. Shabaha ya vijiji ilikuwa njema, kuwakaribisha watu kwenye shule, zahanati na maji, lakini ngitili haikupata mtetezi katika mipango ile. Ilipofika miaka ya 1980, sehemu kubwa ya Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ndani yake zilikuwamo Bariadi, Maswa na Meatu, ilikuwa imekauka kiasi cha watu kuiita Jangwa la Tanzania. Ngitili zilizokuwa zimesalia mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu katika mkoa mzima.

Mwalimu Julius Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984 alijionea hali hiyo kwa macho yake. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004. Mpango huo ulianza kama mipango mingi inavyoanza, kwa vitalu na miche, lakini wataalamu wake walikuwa na busara ya kuwasikiliza wazee. Wazee walisema: fungeni ardhi kwanza, kwani mizizi ya miti ya asili ingali hai chini ya udongo. Na kweli ilikuwa hai. Visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vilichipua, na mahali palipokuwa na vumbi pakarudi nyasi, kisha vichaka, kisha miti. Kufikia mwaka 2004 ardhi iliyorudishwa ilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Watafiti walioingia katika ngitili hizo walihesabu aina zaidi ya 140 za ndege. Ndege hawakununuliwa wala hawakuletwa na mradi. Waliona pamekuwa nyumbani, wakarudi.

Tathmini iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha kwamba faida ya ngitili kwa mtu mmoja ilifikia dola 14 za Kimarekani kwa mwezi, ilhali matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Katika hesabu hiyo zilimo kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa na matunda. Hesabu hiyo ni nzuri, na kila diwani katika mkoa wetu anapaswa kuijua. Hata hivyo iko faida nyingine ambayo haiwekwi katika mizani wala haipimwi kwa pishi. Tunaomba msomaji atuvumilie tuieleze.

Mwaka 1984, mwaka ule ule Mwalimu alipoitembelea Shinyanga, mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Roger Ulrich alichapisha matokeo ya uchunguzi mdogo uliopata sifa kubwa. Alizipitia kumbukumbu za hospitali moja katika jimbo la Pennsylvania, za wagonjwa 46 waliokuwa wamepasuliwa kutolewa kibofu cha nyongo kati ya mwaka 1972 na 1981. Wagonjwa 23 walilazwa katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na 23 wenzao walitazama ukuta wa matofali. Wale wa upande wa miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za kutuliza maumivu kwa kiasi pungufu. Ugonjwa ulikuwa mmoja na hospitali ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kile walichokiona dirishani. Huko Japani, mwaka 1982, idara ya misitu ya nchi hiyo ilianza kuwahimiza raia waende kutembea msituni polepole, bila haraka na bila kazi, kwa ajili ya afya zao, na jambo hilo wakalipa jina lenye maana ya kuoga msitu. Na mwaka 2019 wachunguzi wa Uingereza waliokusanya habari za watu karibu 20,000 walieleza kwamba wale waliopata dakika 120 au zaidi kwa wiki katika mazingira ya asili walisema wana afya na furaha kuliko wale wasiopata kabisa. Dakika 120 ni saa mbili tu.

Mzee wa Kisukuma akisimuliwa habari hizi huenda akacheka. Yeye hakuhitaji Pennsylvania kumwambia kwamba mkwaju una kivuli kizuri, na wazee wetu hawakukutana chini ya mti kwa kukosa ukumbi tu. Mtu anayehukumiwa au kupatanishwa chini ya mti mkubwa husema kwa sauti ya chini kuliko yule aliyebanwa ndani ya kuta nne. Hata hivyo si vibaya elimu ya wageni ikithibitisha ujuzi wa wenyeji, maana wako vijana wetu wasomi ambao hawaliamini jambo mpaka litoke mbali.

Hapa tunajua tutapingwa, na hoja ya mpinzani ni nzito. Atasema: "Mnamhubiria nani utulivu wa porini? Mtoto wa Meatu yuko porini na ng'ombe tangu alfajiri hadi magharibi. Mama wa Itilima huenda porini kutafuta kuni akarudi na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Watu hawa wamelishiba pori. Mapumziko ya msituni ni anasa ya watalii wanaoingia Serengeti ndani ya magari."

Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Ni kweli kwamba kuwapo porini pekee hakuleti utulivu. Anayekimbizana na ng'ombe wasiingie shamba la jirani hapumziki. Mama mwenye shoka mkononi, anayemsikilizia mlinzi wa hifadhi upande mmoja na tembo upande wa pili, hapumziki. Tena tusijidanganye kwamba pori ni rafiki wa kila mtu siku zote. Wananchi wa vijiji vinavyopakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa wanajua maana ya kukesha wakilinda mahindi, na wako waliopoteza ndugu. Lakini tukiitazama hoja hiyo kwa makini, tunaona inatupeleka kwenye hitimisho tofauti na la mpinzani wetu. Inatuonyesha kwamba maskini ndiye anayenyimwa mapumziko ya asili hata anapoishi ndani yake, kwa sababu analijua pori kama mahali pa taabu na hofu tu. Tajiri akihitaji utulivu atasafiri kuutafuta. Maskini asipoupata karibu na mlango wake, hatapata. Kwa hiyo mahali pa karibu, salama, penye kivuli, palipo mali ya wote, pana thamani kubwa zaidi kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Na tusisahau kile kilichotokea Usukumani miti ilipokwisha. Kuni zilipokosekana, akina mama wengi walipikia samadi kavu na mabua. Moshi wake ni mkali, na mwanamke aliyepika ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka 40 hupata macho mekundu. Katika nchi yetu hii macho mekundu ya bibi kizee yalifanywa kuwa ushahidi wa uchawi, na vikongwe wasio na hatia waliuawa kwa mapanga usiku. Hatusemi kwamba ukosefu wa miti ndio uliowaua. Waliua watu, kwa ushirikina, kwa tamaa ya mashamba na kwa ramli za waganga waongo. Lakini nchi iliyovuliwa miti yake huwa pia nchi ya dhiki, na katika dhiki jirani humtazama jirani kwa jicho baya. Pale ardhi inapofunika tena majeraha yake, kuni zinapopatikana karibu na maji yanapodumu kisimani, sababu moja ya chuki huondoka. Utulivu wa mtu mmoja chini ya mti na amani ya kijiji kizima ni mambo yenye mzizi mmoja.

Sasa hatari iko wapi? Iko katika idadi na katika bei. Mkoa wa Simiyu, tangu uanzishwe mwaka 2012, umeongezeka kutoka watu 1,584,157 wa sensa ya mwaka huo hadi 2,140,497 wa sensa ya mwaka 2022. Kila kijana anayeoa anahitaji shamba. Mkaa una soko la uhakika mjini. Pamba na dengu vinalipa fedha taslimu, ngitili inalipa polepole. Na jambo ambalo hatulisemi kwa sauti ni kwamba ngitili za watu binafsi zilizo kubwa ni za wenye ng'ombe wengi. Mwenye ng'ombe wawili, au asiye na ng'ombe kabisa, tegemeo lake ni ngitili ya kijiji au ya taasisi, nayo ndiyo iliyo rahisi kumegwa, kwa kuwa cha wote hukosa wa kukitetea kikao kinapofika mwisho na watu wamechoka. Leo humegwa ekari mbili kwa ajili ya fulani, kesho tatu kwa ajili ya mwingine, na mwenyekiti anayefuata hukuta jina la ngitili bila ngitili yenyewe.

Mji wa Bariadi nao utazamwe. Ulikuwa makao ya wilaya, leo ni makao ya mkoa. Majengo yanapanda, viwanja vinapimwa, pikipiki zinapishana usiku na mchana, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mji unaokua bila ya kujiwekea mahali pa miti huja kujuta wakati ardhi imekwisha kuwa ghali. Wenzetu wa Nairobi walijifunza hayo kwa machungu. Mwaka 1989 ulikuwapo mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, na marehemu Profesa Wangari Maathai alisimama kuupinga, akatukanwa hadharani, lakini bustani ikabaki. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, yeye na wenzake walipigwa wakiutetea Msitu wa Karura usigawiwe kwa wajenzi. Msitu huo leo uko palepale, na wakazi wa Nairobi huenda kutembea ndani yake pamoja na watoto wao. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Nishani ya Amani ya Nobel. Waliompa walielewa kwamba anayetetea miti anatetea amani.

Sisi hatuhitaji kungoja hadi watu wapigwe. Tunayo mambo manne tunayoyapendekeza, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, kila serikali ya kijiji ihakikishe kuwa ngitili ya kijiji imepimwa, imewekwa katika mpango wa matumizi ya ardhi na kulindwa kwa sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinatoa nafasi hiyo. Ngitili isiyo na mpaka ulioandikwa ni maneno tu.

La pili, ndani ya ngitili hiyo itengwe sehemu ndogo, hata ekari moja, karibu na makazi, ambayo haitakatwa kuni wala kulishwa ng'ombe, bali itakuwa ya kukaa. Iwe na njia safi, isiwe na vichaka vya kuficha nyoka au mtu mbaya, na akina mama washauriwe kwanza mahali pake pawe wapi, kwa kuwa wao ndio wanaojua wapi wanaogopa kupita. Wazee watapata pa kuketi, vijana watapata pa kusomea, na mwenye msiba atapata pa kulia bila ya kutazamwa.

La tatu, shule zote ziwe na ngitili zake, na mtoto asiijue miti kwa kupewa adhabu ya kumwagilia tu. Mwalimu awatoe nje mara moja kwa juma, wakae kimya kwa dakika kumi wasikilize, kisha wataje ndege waliowasikia kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Watoto wetu wengi wanaishi mwendo wa saa chache tu kutoka lango la Ndabaka, na bado hawajaiona Serengeti hata siku moja, ilhali watoto wa Ulaya wanaijua. Ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni. Shule na wazazi wakishirikiana, safari ya siku moja inawezekana.

La nne, Halmashauri ya Mji wa Bariadi na wenzao wa Maswa na Lamadi watenge viwanja vya miti sasa, kabla ardhi haijakwisha, na hospitali na vituo vya afya vipande miti mbele ya madirisha ya wodi. Mche wa mti ni rahisi kuliko dawa, na ushahidi wa Pennsylvania tumekwisha kuutaja.

Tunamalizia kwa kumgeukia msomaji mwenyewe, kwa sababu sheria ndogo haiwezi kumtuliza mtu asiyetaka kutulia. Ndugu msomaji, Jumapili hii jioni, ukiwa umekwisha kula, acha simu nyumbani. Mchukue mwanao, au mama yako kama bado unaye, mtembee hadi kwenye ngitili iliyo karibu nanyi. Msichukue shoka wala panga. Kaeni. Mwanzoni utaona unapoteza wakati, na mawazo ya deni na ya shamba yatakuja yote pamoja. Yaache yapite. Baada ya muda utaanza kusikia vitu ambavyo vilikuwapo siku zote: nyenje, majani, kanga wakiitana kabla ya kulala. Huenda mama yako akaanza kukusimulia jambo ambalo hajawahi kukusimulia jikoni. Na mkirudi nyumbani gizani, utakuwa umepata sababu ya kuhudhuria mkutano wa kijiji siku watakapotaka kuigawa ngitili hiyo.

Siku hiyo ikifika, simama useme. Wazee wetu waliufunga udongo uliokauka wakaungoja kwa subira hadi visiki vikachipua. Itakuwa aibu kwetu sisi, tuliokikuta kivuli kimekwisha kumea, tukikiuza kwa magunia ya mkaa.